Mmea Mama Uko kwa Nani?

Mjomba wangu aling'oa mistari kumi ya chai kwa sababu ya video yangu.

Wacha nianzie hapo. Nikianza moja kwa moja na historia mtadhani naandika nikiwa na mikono safi, na sina.

Wanaonifuata tangu zamani wanaikumbuka ile video. Nilikuwa nimesimama hapa Chepseon, ukungu nyuma yangu, nimeshika trei ya miche ya stroberi, nikiongea kama mtu anayejua anachosema. Nikawaambia imetoka maabara. Nikawaambia haina ugonjwa. Nikawaambia muachane na chai. Muuzaji alikuwa amenipa miche ishirini ya bure. Hakunilipa hata shilingi, na kwa muda mrefu hicho ndicho nilichojitetea nacho. Lakini sikumuuliza hata swali moja. Mimi, niliyesoma bayoteknolojia miaka miwili kabla karo haijanishinda! Nilijua maneno makubwa, na nikaona maneno yanatosha.

Mjomba hakumwamini muuzaji. Aliniamini mimi. Bonasi ya chai ilikuwa imemchosha, na si yeye peke yake. Wakulima wa huku magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kusikia kila mwaka kwamba wenzetu wa mashariki wamelipwa zaidi kwa kila kilo, na mbolea tunanunua ile ile. Basi mjomba akanunua miche 600 kwa shilingi 70 kila mmoja. Piga hesabu: 42,000. Msimu wa kwanza matunda yalikuwa madogo, tukasema ni mvua. Msimu wa pili majani yakajikunja, kingo zikawa za manjano, mimea ikadumaa kama watoto walioachishwa kunyonya mapema. Kufika mwisho wa mwaka shamba lilikuwa limekwisha.

Usiku mmoja nikairudia ile video yangu, nikaisimamisha, nikaivuta picha karibu. Kando ya shina la kila mche kulikuwa na kisiki kidogo kikavu. Hapo ndipo mche ulipokatwa kutoka kwa mama yake. Mche uliotoka kwenye chupa ya maabara hauna kisiki cha aina hiyo. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, mbele ya kamera, na watu elfu kadhaa wakanitazama nikiushika. Namba ya muuzaji haipatikani tena.

Nilipomweleza kogo, hakunigombeza. Alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe. Akaniuliza, "Weri, kwani hiyo maabara ni nini? Si ni kitalu tu?"

Nikataka kumsahihisha. Halafu nikanyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa na maana kuliko mihadhara yangu ya miaka miwili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya miche, ya chai na ya stroberi, na nimeona ni historia ya swali moja tu: mmea mama uko kwa nani?

Tuanze nyumbani.

Watu wengi wa umri wangu wakisikia neno kloni wanawaza sinema, wanawaza kondoo Dolly. Na wamezungukwa na kloni! Ukipanda matatu hapa Chepseon kwenda Kericho mjini, sehemu kubwa ya ule ukijani unaoupiga picha ni kloni. Kogo wangu amefanya kazi hiyo kwa kisu cha jikoni. Unachukua tawi changa la mchai, unakata kipande chenye jani moja na kijiti kifupi chini yake. Unakidunga kwenye mfuko mwembamba wa nailoni uliojazwa udongo wa chini, ule mwekundu usio na samadi, kwa sababu mchai unapenda udongo wenye asidi. Unamwagilia, unafunika kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke, unaweka kivuli juu. Unangoja. Baada ya miezi minane hadi mwaka mmoja una mche, na mche huo ni mama yake mtupu. Hauna baba. Ni mmea ule ule, umeongezwa tu.

Kogo hajui neno kloni lilitoka wapi, ila anajua kloni zake kwa namba kama anavyojua ng'ombe wake kwa majina. Atakuonyesha mstari na kukwambia hii ni sita-nane, hii ni thelathini na moja-nane. Hizo ni namba za watafiti: TRFK 6/8, TRFK 31/8. Nyuma ya kila namba kuna mchai mmoja ambao mtu aliusimamia shambani akasema, huu ni bora kuliko jirani zake, tuuzidishe.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Na kabla ya chai kulikuwa na zao lingine ambalo huku halizungumzwi kabisa.

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 katika Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis. Mpango ulikuwa walime kitani, ule mmea unaotoa nyuzi za nguo, kwa sababu bei ya kitani ilikuwa imepanda sana. Unajua kilichofuata, kwa sababu umeshakiona kwa sungura, kwa kware na kwa kila kitu kilichowahi kusifiwa huku. Bei ikaanguka. Mradi ukafa ndani ya miaka michache. Wale maafisa waliondoka, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai ziliingia Kericho, Brooke Bond na James Finlay, na sehemu ya ardhi iliyokuwa ya kitani ikawa mashamba ya chai.

Kwa hiyo nikisema mjomba alivutwa na zao lenye bei nzuri bila kuuliza maswali, namweka kwenye foleni ndefu. Wa kwanza kwenye foleni hiyo hapa Kericho walikuwa wazungu wenye medali. Tofauti ni kwamba wao walipoanguka kulikuwa na kampuni ya kununua. Mjomba hana wa kumnunulia makosa yake.

Chai yenyewe ilikuwa imepandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na ilipandwa kwa mbegu. Miche ya mbegu ni kama watoto wa boma moja: baba mmoja, mama mmoja, lakini huyu mrefu, yule mfupi, huyu anaugua kila wiki. Shamba la mbegu lina michai inayotoa majani mengi na mingine inayokula mbolea bure. Mwafrika hata hiyo mbegu hakuruhusiwa. Hadi miaka ya 1950, kupanda chai ya biashara ilikuwa haki ya wenye mashamba makubwa. Babu zetu waliichuma, waliibeba, waliisaga viwandani, lakini kuimiliki hapana. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika hataweza kutunza ubora.

Mlango ulifunguliwa polepole baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1960 serikali iliunda mamlaka ya mazao maalum, na mwaka 1964 ikageuka kuwa KTDA, ile ile inayochukua majani yetu mpaka leo. Wakati huo huo hapa Kericho kulikuwa na taasisi ya utafiti wa chai. Tangu mwaka 1951 ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1980 ikawa Tea Research Foundation of Kenya, na ndiyo herufi TRFK kwenye zile namba za kogo. Baadaye iliwekwa chini ya KALRO. Miaka ya 1960 ndipo mkulima mdogo alipoanza kuacha mbegu na kuhamia vipande vya jani moja.

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kosa langu.

Kogo alipopanda chai yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, alinunua miche kwa mzee wa kijiji cha jirani aliyekuwa na kitalu. Nikamuuliza: "Ulijuaje kama alikuwa anasema ukweli?" Akanishangaa. Akasema, "Nilienda kuona mama." Mzee alikuwa ametenga mstari wa michai isiyochumwa, iliyoachwa irefuke kwa ajili ya kukatwa vipande tu. Ile ndiyo michai mama. Ungeenda ukaisimamia, ukatazama majani yake, ukauliza aliitoa wapi, naye angekwambia, na ungeweza kutembea mpaka huko pia. Elimu ilitoka kituo cha utafiti, lakini mnyororo wote ulikuwa unatembelika kwa miguu.

Mimi sikuenda kuona mama. Nilipewa trei na neno "maabara".

Sasa utaniuliza, kama kisu cha jikoni kinatosha kwa chai, stroberi inahitaji maabara ya nini? Swali zuri, kwa sababu stroberi nayo inajizidisha yenyewe bila kusaidiwa. Inatoa mkono mrefu unaotambaa chini, na kwenye ncha ya mkono huo mtoto anashika mizizi. Mkono ukikauka mtoto anabaki peke yake. Kazi bure! Tatizo ni kwamba mkono huo ni kama kamba ya kitovu, na kila kilicho kwenye damu ya mama kinapita hapo. Mama akiwa na virusi, watoto wote wanazaliwa navyo. Virusi vya stroberi vinasambazwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani machanga. Mara nyingi huvioni kwa macho. Unaona tu kwamba mwaka huu matunda ni madogo kuliko mwaka jana, na mwakani madogo zaidi. Mkulima anadhani udongo umechoka. Kumbe ni ukoo uliougua.

Na ukoo wenyewe wa stroberi una hadithi ambayo ningeipenda hata kama nisingepoteza pesa ya mjomba.

Ile stroberi kubwa nyekundu ya dukani haikuwepo duniani miaka 350 iliyopita. Ulaya walikuwa na vistroberi vidogo vya msituni. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa alimtuma mhandisi wa kijeshi, Amédée-François Frézier, kwenda Chile na Peru kupeleleza ngome za Wahispania. Alijifanya mfanyabiashara. Huko Chile akaona stroberi kubwa zilizokuwa zimelimwa kwa karne nyingi na wenyeji, Wamapuche na jirani zao. Akabeba mimea. Safari ya kurudi ilichukua miezi, maji ya kunywa yalikuwa haba melini, na alipofika Ufaransa mwaka 1714 mimea mitano tu ndiyo ilikuwa hai.

Kumbe alikuwa amebeba mimea ya kike mitupu! Stroberi ya Chile ina mimea ya kiume na ya kike mbalimbali, na Frézier alikuwa amechagua iliyokuwa na matunda. Kwa hiyo ilichanua Ufaransa bila kuzaa vizuri, mpaka watu walipoipanda karibu na aina nyingine iliyotoka Virginia, Amerika ya Kaskazini. Chavua ya Virginia ikakutana na ua la Chile kwenye bustani za Ulaya, na hapo ikazaliwa stroberi tunayoijua. Aliyeieleza dunia kwamba huo ni mchanganyiko wa hizo mbili ni Antoine Nicolas Duchesne, katika kitabu cha mwaka 1766. Alikuwa hata hajafika miaka ishirini. Nyinyi mnaoniambia nirudi chuo kwanza ndipo niongee, mkumbukeni Duchesne.

Lakini ona pia nani amekosekana. Jina la jasusi tunalo. Jina la kijana wa vitabu tunalo. Wakulima wa Chile waliochagua tunda kubwa kizazi baada ya kizazi hawana jina kwenye hadithi hii. Mama alikuwa wao, lakini mama alipanda meli, na habari yake ikaanza kuhesabiwa kuanzia bandarini Ufaransa.

Turudi kwenye ugonjwa. Kwa karne mbili hakukuwa na njia ya kuuosha ukoo uliougua. Ungechagua mmea unaoonekana mzima, ukaomba Mungu.

Njia ya kutoka ilianza na mtu aliyeshindwa. Mwaka 1902 mwanasayansi Gottlieb Haberlandt alichukua seli za majani, akaziweka kwenye chakula cha maji, akasema kwamba siku moja seli moja itaweza kukuzwa ikawa mmea mzima. Seli zake ziliishi kwa muda, zikanenepa kidogo, lakini hazikugawanyika hata mara moja. Aliondoka na wazo sahihi na matokeo sifuri. Wengine walichukua miongo kadhaa kumfikia.

Mwaka 1952, huko Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walichukua ua la dalia lililokuwa na virusi, wakakata ncha ya chipukizi, kijisehemu kisichofika hata milimita moja, wakakikuza kwenye chupa. Mmea ulioota haukuwa na virusi. Sababu ukieleweshwa ni rahisi: virusi husafiri mwilini mwa mmea kupitia mishipa inayobeba chakula, na ile ncha ya juu kabisa bado haijajengewa mishipa. Seli zake pia zinagawanyika haraka mno, ugonjwa haujaifikia bado. Ni kama kijiji kisicho na barabara. Matatu hazifiki, na wezi hawafiki.

Mwaka 1962, Marekani, Toshio Murashige na mwalimu wake Folke Skoog walichapisha mapishi ya chakula cha chupa. Walikuwa wakifanyia kazi tumbaku. Waligundua kwamba juisi ya majani ya tumbaku inafanya tishu ikue kwa kasi, wakatafuta siri ndani yake, na sehemu kubwa ya siri ikawa madini ya kawaida: naitrojeni, potasiamu na wenzake, kwa vipimo sahihi. Mapishi yao yanatumika mpaka leo karibu kila maabara ya miche duniani. Nilipokuwa chuo tuliyakariri kwa mtihani. Hakuna aliyetuambia yalianza na watu kukamua majani ya tumbaku.

Kisha mwaka 1974 Mbelgiji Philippe Boxus akaonyesha kwamba stroberi inaweza kuzidishwa hivyo kwa wingi, ikatoka kwenye majaribio ikawa biashara.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unachukua mmea mama bora, mara nyingi unaukalisha kwanza kwenye joto la nyuzi 37 hivi kwa wiki kadhaa ili virusi vidhoofike. Unaosha chipukizi kwa dawa ya kuua vijidudu. Unakata ile ncha ndogo chini ya hadubini. Unaiweka kwenye jeli yenye sukari, madini na homoni. Homoni ya aina moja ikizidi, chipukizi linazaa machipukizi. Kila wiki nne hadi sita unagawanya na kuweka chupa mpya, moja linakuwa kadhaa, kadhaa yanakuwa mia. Ukibadilisha homoni, yanaota mizizi. Hapo unayatoa chupani, na hapo ndipo wengi hufa. Mche wa chupa umekulia kwenye unyevu mtupu. Jani lake halina ile nta ya kulizuia lisikauke, na vitundu vyake vya hewa havijazoea kufunga. Ukiutoa juani leo, jioni umekufa. Lazima uufunike kwa nailoni, uweke kivuli, ufunue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Nailoni na kivuli, kufunua kidogo kidogo. Umekumbuka kitu? Ni kitalu cha kogo! Alikuwa sahihi. Maabara ni kitalu chenye mlango uliofungwa. Na mlango uliofungwa ndio unaomsaidia tapeli, kwa sababu mteja hawezi kwenda kuona mama.

Kenya hatukuachwa nyuma kwenye jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI wakati huo, pamoja na shirika la ISAAA, akiwemo Dkt. Florence Wambugu, walipeleka migomba ya tishu kwa wakulima wadogo, hasa maeneo ya kati. Migomba ilikuwa imeandamwa na magonjwa na wadudu, na mkulima alikuwa akihamisha ugonjwa kila alipochimba chipukizi kwa jirani. Miche ya chupa ilivunja mnyororo huo. Karibu na sisi zaidi, kule Molo, shirika la ADC hukuza viazi kwa njia hiyo hiyo ili kupata mbegu safi. Kama umewahi kupanda mbegu ya viazi iliyoidhinishwa, huenda mababu wa viazi vyako walikaa kwenye chupa.

Ila migomba ilitufundisha mambo mawili machungu. La kwanza, mche safi si mche wenye kinga. Ukiupanda kwenye udongo wenye ugonjwa, unaugua kama wengine. La pili, mche wa maabara unadai maji na samadi kuliko ule wa bure, na ukikosa huduma faida inapotea. Watu waliouziwa neno "tishu" bila maelezo hayo waliishia kusema teknolojia ni uongo.

Na hili la tatu ni la stroberi, na nilipolijua nilishika kichwa. Duniani, mkulima wa kawaida huwa hapandi shambani mche uliotoka moja kwa moja chupani. Ule wa chupa hupenda kutoa mikono mingi, na unaweza kutoa matunda madogo mwanzoni. Kazi yake ni kuwa mama. Kitalu kinaupanda mahali safi, mbali na vidukari, kinachukua watoto wake wa mkono, na hao ndio wanauzwa kwa mkulima. Kwa maneno mengine, kisiki nilichokiona kwenye video peke yake si ushahidi wa wizi! Mche wa mkono unaweza kuwa mzuri kabisa, kama mama yake alitoka maabara juzi na amekaa mahali safi. Uongo ulikuwa kwenye kusema umetoka chupani wakati haukutoka. Na kwa jinsi ulivyougua, mama yake huenda hakuiona chupa kizazi cha karibu, kama aliwahi kuiona.

Kwa hivyo swali la kuuliza si "hii imetoka maabara?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: mama yuko wapi, naweza kumwona? Huyu ni kizazi cha ngapi tangu chupani? Nani alikagua kitalu, na karatasi iko wapi? Tuna KEPHIS, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1996, na afya ya mimea ni kazi yake. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiuliza. Anayekasirika, muage.

Najua kuna watakaosema hapa chini kwamba mimi ni mtoto wa chai na naogopa mabadiliko. Hapana. Chai yenyewe ilikuwa mabadiliko, na kutegemea kloni chache ni hatari pia. Michai ikiwa yote ni mmea mmoja, ugonjwa unaojua kufungua mlango mmoja umefungua yote. Waliolima ndizi ya Gros Michel kwa ajili ya kuuza nje waliliona hilo, ugonjwa wa Panama ulipoyamaliza mashamba ya Amerika ya Kati kufikia miaka ya 1950. Mjomba ana haki ya kutafuta zao lingine. Baridi yetu inafaa stroberi. Nairobi inakula stroberi.

Ninachokataa ni sisi kuwa watu wa mwisho kwenye mnyororo kila mara. Wakati wa kitani ardhi ilikuwa yetu na mpango ukawa wa wengine. Wakati wa mbegu ya chai mikono ilikuwa yetu na mchai wa wengine. Wakati wa kipande cha jani moja, kidogo tu, tulishika mama. Mzee wa kitalu alikuwa jirani, kogo alikuwa na kisu, na kijiji kikawa na michai yake. Sasa limekuja neno maabara, na tuko tayari kurudi nyuma ya foleni kwa sababu linasikika kubwa.

Kwani ni lazima liwe kubwa? Kikundi cha wakulima ishirini kinaweza kununua mama wachache wenye karatasi, kikawaweka kwenye nyumba ya wavu wa kuzuia wadudu, kikazidisha watoto wake wenyewe, na baada ya vizazi viwili vitatu kikanunua mama wapya. Hapo huhitaji hadubini wala digrii. Unahitaji wavu, daftari la vizazi, na mtu mmoja asiyependa njia ya mkato.

Ile video niliifuta, halafu nikairudisha na maelezo juu yake, kwa sababu kufuta ni kujificha. Mjomba namlipa kidogo kidogo kutoka kwa pesa za matangazo, na simu ya tangazo la miche nikipigiwa, swali la kwanza ni lile la kogo. Wawili wamekata simu tayari. Mistari kumi ya chai tumeipanda upya, sita-nane, vipande kutoka kwa michai ya kogo. Kando, nyuma ya boma, kuna stroberi kumi na mbili ndani ya wavu. Mama zao nilienda kuwaona kwa macho yangu. Safari ilinigharimu nauli kuliko bei ya miche yenyewe.

Mjomba huja jioni, anazitazama bila kusema kitu. Juzi aliinama, akageuza jani moja, akatafuta vidukari chini yake. Hakupata. Akaniuliza, "Hii ni kizazi cha ngapi?"

Nikamwambia cha kwanza. Akasema niandike kwenye daftari.